Zabbaleen wa Cairo: Nani Huzoa Taka Zetu, na kwa Haki Gani?

Historia ya miji huandikwa mara nyingi kwa majina ya wale walioijenga: wafalme, magavana, wahandisi na matajiri. Majina ya wale walioisafisha hayaandikwi. Na bado hakuna mji mkubwa uwezao kukaa hata mwezi mmoja bila watu hao. Katika tafakari hii tunapenda kuwasimulia historia ya kundi moja la wakusanya taka katika bara letu la Afrika, wanaoitwa Zabbaleen, neno la Kiarabu lenye maana ya watu wa takataka. Wanaishi Cairo, mji mkuu wa Misri. Kwa muda wa miaka zaidi ya 70 wamezoa taka za nyumba kwa nyumba, wamezichambua kwa mikono, na kurudisha katika matumizi sehemu kubwa ya vile ambavyo wengine walivitupa.

Tumeichagua historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, inatuonyesha kwamba urejelezaji wa taka, ambao siku hizi unasifiwa kama jambo jipya la nchi tajiri, ulifanywa Afrika na maskini kwa ukamilifu kuliko mahali pengi. Pili, inatuwekea mbele swali ambalo miji yetu ya Kongo haiwezi kulikwepa: huduma ya kuondoa taka ni ya nani? Nani anaipata, nani anailipia, na nani anabaki na uchafu mlangoni?

Watu wa oasisi na watu wa Misri ya Juu

Mwanzoni mwa karne ya 20 Cairo ilikuwa ikikua upesi. Mitaa mipya ilijengwa kwa mtindo wa Ulaya, yenye majumba ya ghorofa, na kila jumba lilitoa taka zake kila asubuhi. Karibu mwaka 1910 walifika mjini watu kutoka oasisi ya Dakhla, katika jangwa la magharibi. Wenyeji waliwaita Wahiya, yaani watu wa oasisi. Hao walipatana na wenye majumba: waliwalipa ili wapate ruhusa ya kuzoa taka za jumba fulani, kisha wakawatoza wapangaji ada ndogo kila mwezi. Taka zenyewe hazikupotea bure. Karatasi na vitu vikavu vikawa kuni za kupashia maji ya hamamu za mjini, na za kuchemshia ful, yale maharagwe ambayo Wamisri hula asubuhi, tajiri kwa maskini.

Baadaye mafuta yakaanza kutumika badala ya kuni hizo, na biashara ya Wahiya ikapungua thamani. Katika miaka ya 1930 na 1940 wakaja wahamiaji wengine: wakulima wasio na ardhi kutoka Misri ya Juu, hasa pande za El-Badari katika mkoa wa Assiut. Wengi wao walikuwa Wakristo wa Kanisa la Kikopti. Walijua kufuga nguruwe, mnyama ambaye jirani zao Waislamu hawamfugi wala hawamli. Nguruwe hula mabaki ya chakula, na taka za nyumba za Cairo zilijaa mabaki ya chakula: maganda ya mboga na matunda, mkate mkavu, wali uliolala. Kwa hiyo wageni hao waliona chakula cha mifugo mahali ambapo mji uliona uchafu.

Hapo pakazaliwa mapatano ya ajabu. Wahiya walibaki na haki ya kila jumba, na wao ndio waliopokea ada ya wapangaji. Zabbaleen walipanda ngazi, wakabeba vikapu mgongoni, wakapakia mikokoteni ya punda, wakapeleka mizigo hadi makazi yao pembeni mwa mji. Katika ada ile hawakupata kitu, au walipata kidogo sana. Malipo yao yalikuwa taka zenyewe: mabaki ya chakula kwa nguruwe, karatasi, vitambaa, chupa na vyuma kwa ajili ya kuuza. Aliyebeba mzigo alilipwa na mzigo wenyewe.

Tulikumbuke vema jambo hilo, kwa maana ndilo asili ya mengi yaliyofuata. Mtu ambaye mshahara wake ni taka hulazimika kwenda mahali penye taka nzuri.

Chini ya mlima Mokattam

Zabbaleen hawakuwa na makazi ya kudumu. Kila mji ulipopanuka, waliambiwa wasogee mbali zaidi, kwa sababu ya harufu na kwa sababu ya nguruwe. Mwaka 1970 wengi wao walifukuzwa Imbaba, ng'ambo ya mto Nile. Baadhi yao walikimbilia chini ya mlima Mokattam, mashariki ya Cairo, penye machimbo ya zamani ya mawe. Huko walijenga vibanda vya mabati na mbao, wakawa wanaishi pamoja na wanyama wao na mizigo yao. Hapakuwa na maji ya bomba, wala umeme, wala shule, wala zahanati. Moto ulizuka mara kwa mara kati ya karatasi na matambara, na watoto wengi walikufa kabla ya kukua, kwa pepopunda na kwa magonjwa ya kuhara.

Katika miaka ya 1970 kanisa dogo la Kikopti lilianzishwa mahali hapo. Padri Samaan, aliyewekwa wakfu mwaka 1978, alilitumikia hadi kifo chake mwaka 2023. Baadaye mapango ya mlima yalichongwa, yakawa makanisa makubwa ambayo leo hutembelewa na watu kutoka pande zote za dunia. Kanisa hilo limepewa jina la Mtakatifu Simeoni Mtengeneza Ngozi. Mapokeo ya Wakopti yanasimulia kwamba katika karne ya 10 fundi huyo maskini, aliyekuwa akiwachotea maji wazee na wagonjwa, ndiye ambaye sala yake iliusogeza mlima Mokattam. Si vigumu kuona kwa nini watu wa takataka walimpenda mtakatifu wa kazi ya kunuka.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu mkali. Wanaume na wavulana walitoka kabla ya mapambazuko kwenda kuzoa. Wanawake na wasichana walibaki kuchambua: plastiki kwa aina na rangi, karatasi nyeupe mbali na karatasi ya boksi, makopo ya bati mbali na alumini, vioo, mifupa, vitambaa. Kila kitu kilikuwa na mnunuzi wake. Kadiri miaka ilivyoendelea, baadhi ya familia zilinunua mashine za kusaga plastiki na za kubana karatasi, na vyumba vya chini vya nyumba vikawa karakana. Kuna kadirio lililorudiwa na watafiti wengi kwamba Zabbaleen waliweza kurejeleza hadi asilimia 80 ya taka walizozoa. Miji michache sana ya Ulaya imewahi kukaribia kiwango hicho.

Sista mmoja na kiwanda cha mboji

Mwaka 1971 alifika kati yao mtawa mmoja wa Kikatoliki, Sista Emmanuelle, wa shirika la Bibi Yetu wa Sion. Jina lake la kuzaliwa ni Madeleine Cinquin, na alizaliwa Bruxelles mwaka 1908. Alikuwa amefundisha miaka mingi katika shule za shirika lake huko Istanbul, Tunis na Alexandria. Alipofikia umri ambao wengine hupumzika, aliomba ruhusa ya kuishi na maskini. Akapewa kibanda katika mtaa wa wakusanya taka wa Ezbet el-Nakhl, akakaa humo kama jirani zake walivyokaa. Baadaye alifanya kazi pia Mokattam, pamoja na Sista Sara wa Kanisa la Kikopti. Aliondoka Misri mwaka 1993, akafariki Ufaransa tarehe 20 Oktoba 2008, ikibaki chini ya mwezi mmoja atimize miaka 100.

Mengi yameandikwa juu ya wema wake. Sisi tungependa kutazama jambo moja la kiufundi ambalo yeye na wenzake walilishughulikia. Nguruwe walikula mabaki ya chakula, lakini samadi yao ilirundikana kati ya nyumba, ikaleta nzi na maradhi. Katika miaka ya 1980 kilijengwa Mokattam kiwanda cha mboji, yaani cha kuozesha samadi na mabaki ya mimea kwa utaratibu, hadi ziwe mbolea safi isiyonuka. Mbolea hiyo iliuzwa kwa wakulima waliokuwa wakifungua mashamba mapya katika jangwa, mahali ambapo mchanga hauna rutuba. Chama cha Kulinda Mazingira, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiliendesha mradi huo, na mapato yake yakasaidia shughuli nyingine: wasichana walijifunza kufuma mazulia kwa mabaki ya vitambaa vya viwandani, na pamoja na ufumaji wakajifunza kusoma na kuandika.

Hapo tunaona mzunguko mzima. Ganda la tikiti maji lililotupwa katika ghorofa ya tano ya jumba la kitajiri lilikuwa chakula cha nguruwe, kisha samadi, kisha mboji, kisha rutuba ya shamba la jangwani ambalo huenda likazaa matikiti maji mengine. Taka za namna hii, zitokazo jikoni na bustanini, ndizo zilizo nyingi kupita nyingine katika taka za miji ya Afrika. Zikiachwa zioze ovyo, zinaleta panya, nzi na maji machafu. Zikitengwa mapema, ni mali. Cairo ilikuwa na watu waliojua kuigeuza mali hiyo, na haikuwalipa kwa maarifa yao.

Mitaa ambayo hakuna aliyeifikia

Lakini tusiipambe historia hii kupita kiasi. Mfumo wa Zabbaleen ulikuwa na kasoro kubwa, na kasoro hiyo iliwaumiza maskini wenzao. Kwa kuwa mshahara wao ulikuwa taka, walizoa katika mitaa ya watu wenye uwezo, ambao hutupa chupa, makopo, karatasi na chakula. Katika mitaa ya maskini watu hula karibu kila kitu walichonunua, hutumia chupa hadi ivunjike, na hutupa majivu na vumbi. Hakuna nguruwe anayenenepa kwa majivu. Kwa hiyo nusu moja ya mji ilipata huduma nzuri kwa bei ndogo, mlangoni pa jiko, kila siku, na nusu nyingine ilitupa taka zake katika viwanja vitupu, kando ya reli na katika mifereji.

Kosa hilo hatuwezi kumbebesha mkusanya taka peke yake. Mtu hawezi kulisha watoto wake kwa majivu ya jirani. Jamii iliyoacha huduma ya lazima itegemee uzuri wa taka iliamua, bila kusema, kwamba asiye na kitu cha kutupa hastahili kuzolewa taka zake. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Benki ya Dunia na mashirika mengine, ulianzishwa mpango wa kuendeleza makazi ya Zabbaleen, na ndani yake lilikuwemo jaribio la kupanua njia zao hadi mitaa ya watu wa kipato cha chini. Wazo lilikuwa rahisi: katika mitaa hiyo mkusanya taka alipwe ada kwa ajili ya kazi, asitegemee thamani ya mzigo. Jaribio hilo lilionyesha kwamba jambo linawezekana, ila halikuenea mji mzima.

Mikataba ya mwaka 2003

Cairo ilizidi kukua. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 serikali ilianza kuona aibu kwa mikokoteni ya punda, ikaizuia, na Zabbaleen wakalazimika kununua malori madogo kwa mikopo. Kisha, karibu na mwaka 2003, utawala wa mji ulitia sahihi mikataba ya miaka 15 na makampuni kutoka Italia na Hispania ili yasafishe Cairo kwa mtindo wa kisasa.

Zabbaleen hawakuitwa mezani. Hakuna aliyewauliza wale waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kwa nusu karne jinsi inavyofanyika. Mikataba iliyataka makampuni kurejeleza asilimia 20 tu ya taka. Zilizobaki zingezikwa katika majaa ya jangwani. Kwa maneno mengine, mji uliacha urejelezaji wa asilimia 80 usioigharimu serikali karibu chochote, ukachukua wa asilimia 20 kwa malipo makubwa. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Familia za Cairo nazo zilipata hasara yake. Ada mpya iliunganishwa na hati ya malipo ya umeme, hata mtu asiweze kukataa kulipa bila kukatiwa taa. Wengine walikwenda mahakamani kupinga ada hiyo. Na huduma waliyolipia haikufanana na ile ya zamani. Malori makubwa ya makampuni hayakuweza kuingia katika vichochoro vyembamba. Badala ya kuzolewa mlangoni, watu walitakiwa kushusha taka zao hadi kwenye mapipa barabarani. Mama mzee wa ghorofa ya sita, mgonjwa, mwenye watoto wadogo, wote waliambiwa wateremke. Mapipa yalijaa, mengine yaliibwa, na taka zikamwagika kando yake. Familia nyingi zikaendelea kumwita zabbal wao wa zamani na kumlipa kwa siri, huku zikilipa tena kwenye hati ya umeme. Walilipa mara mbili kwa huduma moja. Mtaa wa maskini, ambao haukuwahi kuwa na zabbal, ulilipa mara moja na mara nyingi haukuona lori.

Baadhi ya makampuni, yakishindwa kuzifikia nyumba, yaliishia kuwapa Zabbaleen wenyewe vibarua vya kuzoa, kwa malipo madogo kuliko yale mkataba uliyoyahesabu. Aliyekuwa mwenye kazi akawa kibarua katika kazi yake mwenyewe.

Nguruwe wa mwaka 2009

Pigo la pili lilikuja mwaka 2009. Mwezi wa Aprili dunia ilishikwa na hofu ya homa mpya iliyoitwa kimakosa homa ya nguruwe. Misri ilikuwa bado haina mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo, mwishoni mwa mwezi huo serikali iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, karibu 300,000 kwa makadirio ya wakati ule. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba homa hiyo ilikuwa ikisambazwa na watu, wala haikuona sababu ya kuwaua wanyama hao. Amri ilitekelezwa hata hivyo. Huko Manshiyat Nasser, eneo la Mokattam, vijana wa Zabbaleen walipambana na polisi kujaribu kuyalinda mazizi yao. Fidia iliyotolewa ilikuwa ndogo mno. Mwezi wa Juni wagonjwa wa kwanza walithibitishwa nchini Misri, ingawa nguruwe walikuwa wakiendelea kuangamizwa.

Kwa familia ya zabbal nguruwe alikuwa benki. Aliuzwa mtoto alipotakiwa kulipiwa shule, mama alipotakiwa kujifungua hospitalini, binti alipoolewa. Benki hiyo ilifungwa kwa amri moja. Lakini sikilizeni kilichotokea mjini. Mabaki ya chakula hayakuwa tena na thamani kwa mkusanya taka. Akayaacha. Alizoa plastiki na karatasi, akaziacha zile taka za jikoni mlangoni au barabarani. Wakati wa joto wa mwaka huo vilima vya taka zinazooza vilionekana katika mitaa ya Cairo, hata ya kitajiri. Wakuu wa mji walidhani wamewaondoa wanyama. Kumbe wameondoa huduma nzima ya taka za jikoni ya mji wenye mamilioni ya watu, na hawakuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Madonda hayo hayakupona upesi. Mwaka 2012 Rais Mohamed Morsi, akiahidi mambo ya kutekeleza katika siku 100 za kwanza, aliweka usafi wa mji kati ya ahadi zake tano, pamoja na mkate, usalama, mafuta na usafiri wa barabarani. Takataka zilikuwa zimekuwa swali la taifa. Mwaka 2013 Bibi Laila Iskandar, aliyefanya kazi na Zabbaleen tangu miaka ya 1980, akifundisha watoto wao na kutetea maarifa yao, aliteuliwa kuwa waziri wa mazingira. Alitaka mambo mawili: kila nyumba itenge taka za jikoni mbali na taka kavu, na Zabbaleen waandikishwe kama makampuni madogo yenye haki ya kupewa mkataba na serikali. Hakudumu muda mrefu katika wizara hiyo, na kazi haikukamilika. Ila lilikuwa jambo la maana kwamba, baada ya miaka mingi ya kuwaita watu hao aibu ya mji, serikali ilikubali kuwaita wafanyakazi.

Haki yenye pande tatu

Vijana wapendwa, tukiitazama historia hii yote, tunaona kwamba haki katika huduma ya taka ina pande tatu, na upande mmoja ukiachwa, pande nyingine nazo huanguka.

Upande wa kwanza ni wa kaya. Kila nyumba inatoa taka, na kila nyumba inastahili kuondolewa taka zake, iwe kwenye barabara ya lami au juu ya kilima kisichofikiwa na gari. Lori lisiloweza kuingia kichochoroni halitoshi kwa watu wa kichochoroni. Hao wanahitaji mkokoteni, au mtu mwenye mgongo na malipo ya haki.

Upande wa pili ni wa mfanyakazi. Waraka wa Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5, unatuambia kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Zabbal hakuvuna ngano, lakini naye alifanya kazi ambayo mji uliila. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki yake haiishii kwenye fedha. Watoto waliochambua taka kwa mikono mitupu, wakichomwa na sindano za hospitali na kuambukizwa homa ya ini, walistahili glovu, chanjo na shule. Tukisifu maarifa ya Zabbaleen bila kutaja mateso hayo, tutakuwa tumeligeuza jeraha kuwa pambo.

Upande wa tatu ni wa ardhi yenyewe. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, anafundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi, na anakemea utamaduni wa kutupa, ambao huanza na vitu na kuishia kwa watu. Cairo ni ushahidi wa mafundisho hayo. Siku ile mji ulipowatupa Zabbaleen, ndiyo siku ulipoanza kuzikwa katika taka zake wenyewe.

Nasi hapa kwetu? Wakaaji wa Bukavu wanaijua habari hii bila kufundishwa. Taka za vilimani zisizozolewa na mtu husombwa na mvua hadi ziwa Kivu. Kutoka ziwani plastiki hufuata maji hadi mto Ruzizi, huziba mitambo ya bwawa la umeme, na taa huzimika mjini. Nyumba iliyokosa mahali pa kutupa taka juu ya kilima na nyumba iliyokosa umeme huko chini zina tatizo moja. Tangu mwisho wa mwaka 2017 nchi yetu ina amri inayokataza mifuko ya plastiki, lakini amri bila mtu wa kuzoa ni karatasi, nayo itatupwa pamoja na karatasi nyingine.

Salongo ya vijana ni kazi njema. Hata hivyo salongo hukusanya taka mahali pamoja, na mara nyingi huziachia pale, mvua izirudishe. Vikundi vyetu vya parokia vinaweza kufanya zaidi kidogo. Vinaweza kuanza na taka za jikoni, kwa maana hizo hazihitaji kiwanda wala mfadhili: shimo, majani makavu, maji kidogo, kugeuza kila juma, na baada ya miezi michache mboji ya bustani ya shule au ya zahanati. Nyumba ikitenga maganda ya ndizi na majani ya sombe mbali na plastiki, tayari imempunguzia mzigo yule kijana anayepita na mkokoteni, na imemfanya aweze kuuza kile anachobeba.

Kijana huyo tumjue jina. Tumwulize analipwa kiasi gani, na njia yake inaishia wapi. Kabla ya kuomba lori kutoka kwa meya au kwa wafadhili, tumwite yeye kwanza mezani, yeye na wenzake, tuwasikilize. Cairo ilisahau kufanya hivyo mwaka 2003, na imelipa gharama yake kwa miaka mingi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi zinazozolewa taka, na ni zipi zisizozolewa? Sababu ni umbali, fedha, au ni kusahauliwa?

2. Ni nani wanaookota na kuuza chupa, vyuma na plastiki katika mji wetu? Wana umri gani? Tunawaitaje, na jina hilo linasema nini juu yetu?

3. Ada ya usafi ikiwekwa sawa kwa wote, je, ni haki? Mjane wa kilimani na mwenye hoteli walipe namna gani?

4. Ni taka zipi za parokia yetu, baada ya sikukuu na baada ya mikutano, tunazoweza kuzitenga kuanzia Dominika ijayo, na nani atazipokea?